Mpango mkakati mpya wa TEHAMA chuoni kwetu: uzoefu wangu

Nafundisha katika chuo kimoja hapa Dodoma, na mwaka wa masomo uliopita ulikuwa wa kwanza chini ya mpango mkakati mpya wa huduma za TEHAMA, wa miaka mitano. Nauzungumzia kama mtumiaji.

Mpango uliotangulia ulikuwa orodha ya manunuzi: kompyuta za maabara, projekta, kamera za getini. Vilinunuliwa kweli. Lakini wiki ya usajili ikifika, mfumo wa wanafunzi unakwama. Kontroo namba, yaani namba ya kulipia inayotolewa na mfumo, haitoki, na bila kontroo namba hakuna kulipa ada, bila ada hakuna kusajiliwa. Mtoto wa watu katoka Kondoa au Mpwapwa na begi lake, anajibanza kwa ndugu zake huko Nzuguni, hapa Dodoma, akisubiri ukurasa ufunguke. Jambo hilo liliniumiza sana.

Safari hii wapangaji walianzia kwenye kalenda. Waliwaita wahadhiri, watu wa maktaba, wahasibu na viongozi wa wanafunzi, wakatuuliza: ni siku zipi huduma ikikatika kazi yako inasimama? Tukataja usajili, kuingiza alama, kutoka kwa matokeo. Basi matengenezo ya seva yakahamishiwa likizo, na dawati la msaada likawa wazi hadi usiku katika siku hizo. Usajili uliofuata, korido ya uhasibu ilikuwa inapitika. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza walikuwa darasani tangu kipindi cha mwanzo, jambo ambalo nilikuwa nimeshalisahau.

Kingine nilichokipenda ni fungu la uendeshaji, linalotengwa kila bajeti ya Julai. Sisi tunafundishia Moodle, programu ya masomo ya mtandaoni iliyopo tangu 2002 na isiyolipiwa leseni, na hapo ndipo viongozi wengi hudhani gharama zimekwisha. Seva inataka umeme usioyumba, betri za akiba huchoka, nakala za data lazima zihifadhiwe mahali pengine, na lazima awepo mtu anayelipwa kuamka mfumo ukianguka saa nane usiku. Sasa hayo yote yana mstari wake kwenye bajeti.

Intaneti ya mabweni bado dhaifu. Wanafunzi wanaendelea kununua bando.

Kasoro kubwa ninayoiona ni ulinzi wa taarifa binafsi. Sheria ilitungwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, ila mpango unaigusa kwa aya moja tu, bila kumtaja mhusika wala muda wa utekelezaji. Huku nyuma, orodha za matokeo zenye majina na namba za usajili zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Binti aliyefeli somo moja hastahili kusomwa na darasa zima.

Nyota nne kwa tano. Kikao cha mapitio kipo kabla ya bajeti ijayo, na hoja ya orodha hizo nimeshaiwasilisha kwa maandishi.