"Vanish" katika kamusi ya Etymonline: tathmini ya ingizo moja

Etymonline, kamusi ya asili za maneno ya Kiingereza iliyoandaliwa na Mmarekani Douglas Harper, husomwa mtandaoni bila malipo, na kwa mfasiri wa Kiswahili ina thamani ambayo kamusi ya lugha mbili haiwezi kuifikia. Nitaipima kwa ingizo moja tu, la kitenzi "vanish", kwa kuwa ndilo lililobadili namna ninavyofanya kazi.

Kamusi ya lugha mbili hutupa toweka, potea, tokomea, pengine yeyuka, kisha hutuacha tuchague wenyewe. Harper anaanzia karibu na mwaka 1300, ambao kwa utaratibu wake ni mwaka wa maandishi ya kale zaidi yaliyosalia, si wa kuzaliwa kwa neno. Kisha anarudi nyuma hadi shina la Kifaransa cha Kale, "esvaniss-", na hatimaye hadi Kilatini, "evanescere". Umbo la katikati, "exvanire", limetiwa nyota mbele yake kuonyesha kwamba halikukutwa katika maandishi yoyote bali limeundwa upya na wanaisimu, na uaminifu wa nyota hiyo ndogo ninauthamini sana. Chini ya yote hayo kuna kivumishi "vanus", yaani -tupu.

Hapo ndipo msomaji wa Kiswahili anaponufaika zaidi. Kilatini kilikiongezea kivumishi hicho kiambishi cha hali inayoanza kuingia, kama sisi tunavyopata nenepa kutokana na -nene. Kwa hiyo kitu kinacho-"vanish", kwa asili ya neno, kinageuka kuwa utupu. Ndugu zake ni "vain" na "vanity", ule ubatili wa Mhubiri ambao Biblia ya Kilatini huuita "vanitas". Hata wanahisabati hulitumia neno hili wakimaanisha kwamba thamani fulani imekuwa sifuri.

Tangu nilipolisoma ingizo hili, nimeacha kuandika "potea" mahali pa "vanish", kwa sababu aliyepotea yupo mahali fulani na anaweza kutafutwa, ilhali neno la Kiingereza halimwachii mtafutaji chochote. "Toweka" hulikaribia zaidi.

Upungufu wa ingizo ni ufupi wake: anayetaka kuona sentensi za kale zenye neno hilo hana budi kwenda kwenye kamusi kubwa ya Oxford, ambayo sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1884, na ambayo mtandaoni hudai malipo. Hata hivyo, kwa kazi ya kila siku Etymonline inatosha, hasa ukilisoma pia ingizo la "disappear", lililoundwa kwa kukanusha "appear", yaani kuonekana. Neno hilo linahusu jicho lisiloona tena, wakati "vanish" linahusu kitu chenyewe kinachokwisha, na tofauti hiyo sijaiona ikielezwa wazi katika kamusi yoyote ya lugha mbili niliyo nayo.