NBA League Pass ukiwa Afrika Mashariki: inunue kwa ajili ya marudio

Kila timu ya NBA hucheza mechi 82 katika msimu wa kawaida, na ligi nzima 1,230. Chaneli za kulipia za king'amuzi huonyesha sehemu ndogo tu ya hizo, hasa za timu zenye majina makubwa. Shabiki wa Lakers ataambulia kitu, ila wa Charlotte atasubiri sana. Anayetaka kuifuata timu moja tangu Oktoba hadi Aprili, League Pass, huduma ya NBA ya kulipia ya kutazama mechi mtandaoni, ndiyo jibu, na kwa bahati nzuri vizuizi vinavyofunga mechi za timu za eneo la mtazamaji, vinavyowasumbua watu wa Marekani na Kanada, havituhusu sisi.

Ila piga hesabu ya saa kwanza. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi, New York iko nyuma yetu kwa saa 8. Mechi ya saa 1:30 jioni kule huanza saa 9:30 usiku hapa. Lakers wakiwa nyumbani saa 1:30 jioni ya Los Angeles, kwetu ni saa 12:30 asubuhi, wakati watu wanatafuta daladala. Za kutazama mubashara bila kuvuruga usingizi ni zile za Jumapili mchana: saa 9:30 alasiri ya New York ni saa 5:30 usiku. Nje ya kipindi hicho tofauti ni saa 7, kwa hiyo kila kitu huwahi kwa saa moja.

Ndiyo maana marudio ndiyo yanayolipia usajili huu. Mechi nzima hupatikana baada ya filimbi ya mwisho, na ipo pia iliyofupishwa ya takriban dakika 10, inayotosha kabisa kwa mechi usiyoijali sana. Kabla ya kulala, washa Hide Scores (ficha matokeo) kwenye mipangilio ya programu na uzime arifa zake zote, kwa sababu arifa moja asubuhi inatosha kukuharibia. Hata hivyo ulinzi huu una tundu: urefu wa video huonekana chini ya skrini, na ikizidi kawaida utajua kulikuwa na muda wa nyongeza. Usiuguse mstari huo wa muda wa video mpaka robo ya nne iishe.

Bando ndilo linalowaumiza wengi. Picha ya megabiti 5 kwa sekunde hula karibu GB 2.25 kwa saa. Dakika 48 za mchezo, pamoja na faulo, mapumziko na taimuaut, hufika kama saa mbili na nusu, yaani GB 5.6 kwa mechi moja. Kwa megabiti 1.5 ni GB 1.7, inayotosha kwenye simu. Kwenye televisheni kubwa namba za jezi huanza kufifia. Hapa Premium, kifurushi cha juu cha League Pass, inajitetea, maana inaruhusu kupakua mechi kwenye Wi-Fi na kuitazama baadaye bila intaneti. Pia haina matangazo. Kwa mwenye faiba nyumbani, kifurushi cha kawaida kinatosha, na kwa mwenye timu moja tu kuna Team Pass.

Malipo yanahitaji kadi. Kadi pepe ya Visa ya M-Pesa ni njia nzuri kwa asiyetaka kuweka kadi ya benki mtandaoni. Weka salio la ziada kidogo, kwa kuwa ubadilishaji wa fedha unaweza kuongeza gharama na malipo yakakataliwa. Usajili hujirudia wenyewe, hivyo zima kujirudia mapema. Ukiwa umelipia kupitia Google Play, unazimia hukohuko, si kwenye tovuti ya NBA. Kuifuta programu kwenye simu hakusitishi chochote.

VPN, programu inayoficha uko nchi gani, izime kabisa. Ikikuonyesha kama uko Marekani, mechi zilizofungwa kule zitafungwa na kwako.