Steshenari ya Makoroboi: jalada safi, ila hesabuni kurasa

Nyota nne kati ya tano.

Nilipeleka flashi yenye kitabu cha William James, mwandishi Mwingereza wa historia ya vita vya baharini, juzuu la vita vya 1812 kati ya Uingereza na Marekani. Zaidi ya kurasa 400, pande mbili, jalada gumu. Kijana wa mashine akauliza, "Shikamoo mzee, hii ya chuo?" Marahaba, nikamwambia, ya kusomea barazani kwangu Igogo.

Nilikuwa karani wa kuhesabu mizigo bandarini. Nahodha akisema magunia 900, mimi naandika niliyoyaona. Ndiyo maana nampenda James. Baharia hakuwa, alikuwa wakili kwenye mahakama ya mambo ya bahari kule Jamaica. Vita vilimkuta yuko Marekani, akazuiliwa, na mwaka 1813 akatorokea Halifax, mji wa Kanada uliokuwa chini ya Waingereza. Wamarekani walikuwa wakitamba kwamba manowari yao Constitution imeivunjavunja Guerriere ya Waingereza, nguvu kwa nguvu. James akasema ngojeni kwanza, tuhesabu. Mizinga mikubwa ya Constitution ilirusha tufe za ratili 24, ya mwenzake ratili 18, na mabaharia wa Kimarekani walikuwa wengi zaidi. Nguvu sawa iko wapi hapo? Kwa hesabu za namna hiyo akatoa kijitabu Halifax mwaka 1816, kisha historia yake kubwa kuanzia 1822. Alifariki 1827.

Ila ana mdomo! Mmarekani kwake hana jema. Theodore Roosevelt, kabla hajawa rais, alimkosoa vikali katika kitabu chake cha 1882, na sehemu nyingine namuunga mkono Roosevelt.

Haya, huduma. Karatasi nzito, wino hautokezi upande wa pili, gundi imeshika. Bei niliyotajiwa asubuhi ndiyo niliyolipa jioni. Nyumbani nikahesabu, mazoea yana tabu: ukurasa wa 96, halafu 113. Kurasa 16 hazipo, na Guerriere yangu imezama humo humo.

Kesho yake nikarudi nimenuna. Dada wa kaunta hakubishana. "Samahani baba," akaprinti upya bure, akabandua jalada na kulifunga tena. Mimi nikashushia vikombe viwili vya kahawa pale nje. Akaniomba nihesabu mbele yake.

Nikahesabu. Safari hii ukurasa wa 101 upo mara mbili. Nikanyamaza, nikapanda daladala.