TAHADHARI: Wakala wanaokuonyesha nesi mmoja na kukuletea mtu mwingine kumtunza mzee, Kisumu na maeneo ya karibu

Wote wenye wazee wanaohitaji kutunzwa nyumbani hapa Kisumu, Vihiga, Siaya, na hata kule Nakuru, someni hii kabla hamjatuma pesa. Kuna watu wanaojiita wakala wa kutunza wagonjwa nyumbani. Wanakutumia kwa WhatsApp picha ya nesi aliyevaa sare, cheti chake na namba ya leseni. Ukishalipa, anayebisha hodi mlangoni ni mtu mwingine kabisa. Jina la ofisi silitaji. Wamekwisha kulibadilisha mara moja na watalibadilisha tena, lakini mbinu yao haibadiliki, na hiyo ndiyo nataka muitambue.

Aliyefanyiwa haya ni baba yangu mkubwa anayeishi upande wa Mamboleo. Kiharusi kilimpooza upande wa kulia, ana kisukari cha kudungwa insulini, na alitoka hospitalini akiwa bado na mpira wa mkojo. Watoto wake wawili wako Nairobi na mwingine Qatar. Mgonjwa wa namna hii akiruhusiwa kwenda nyumbani, familia hubaki kukimbizana kutafuta mtu, na hawa watu wanajua kwamba hapo hakuna mwenye nafasi ya kuuliza mengi. Walidai ada ya usajili shilingi 8,500, kisha mshahara wa mwezi mzima, 38,000, ulipwe kabla nesi hajafika, eti manesi wao wanagombaniwa. Namba ya kulipia haikuwa Paybill wala Till. Ilikuwa namba ya mtu binafsi, wakasema ni ya mhasibu wao.

Aliyekuja ni msichana mdogo, mpole, asiyefanana hata kidogo na mama wa kwenye picha. Ndugu zangu walipopiga simu kuuliza, wakaambiwa yule wa kwanza amefiwa, huyu ni mwenzake na ujuzi wao ni mmoja.

Nilipokwenda kumwona Mzee nilimkuta analishwa uji huku amelala chali, anakohoa kila kijiko. Mtu aliyepatwa na kiharusi mara nyingi humeza kwa shida. Uji ukipita njia ya hewa unaishia mapafuni na kuleta nimonia, na nimonia hiyo huua wazee. Nesi wa kweli angemketisha wima kwanza, ampe kidogo kidogo, na asimlaze papo hapo baada ya kula. Tulipomgeuza tukaona juu ya makalio, pale kwenye mfupa wa mwisho wa mgongo, ngozi imekuwa nyekundu na imeanza kuchubuka. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku. Msichana hakuwa ameambiwa hilo na mtu yeyote. Mfuko wa mkojo alikuwa ameuweka kitandani, sawa na kiuno cha Mzee, badala ya kuuning'iniza chini ili mkojo usirudi kwenye kibofu na kuleta maambukizi.

Jioni ile niliiangalia ile namba ya leseni katika rejista ya Baraza la Wauguzi la Kenya, ambayo iko wazi kwenye mtandao wao. Namba ni ya kweli. Mwenyewe ni mwanamume.

Msichana alilia, akatueleza. Hajasomea uuguzi. Yeye mwenyewe alitozwa shilingi 3,000 ili "asajiliwe", akaahidiwa 9,000 kwa mwezi, na akaagizwa akiulizwa aseme ni nesi. Kima cha chini cha mshahara wa mfanyakazi wa nyumbani katika jiji la Kisumu kilipopandishwa Novemba 2024 kilivuka shilingi 16,000. Kwa hiyo walitulipisha sisi bei ya nesi, yeye wakamwahidi chini ya mshahara wa yaya, na katikati Mzee akawa anaoza kitandani. Huyo msichana simlaumu, naye ni mtoto wa watu aliyetafuta kazi.

Jambo lingine walilojaribu liangalieni sana. Walimpigia Mzee moja kwa moja, wakataka kitambulisho chake na nambari za siri zitakazoingia kwenye simu yake, eti wamsajili SHA, bima ya afya ya serikali, kwa shilingi 1,500. Kujisajili SHA ni bure, hata kwa simu kwa kubonyeza *147#. Wazee wa miaka 70 na zaidi walio kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee kwa pesa, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi, na mtu mwenye kitambulisho cha mzee, simu yake na PIN yake anaweza kuzila bila nyumba kujua. Mhudumu hana kazi yoyote na PIN ya mzee. Simu ya mzee iwe na mtu mmoja wa familia anayeifuatilia.

Sasa, mnaotafuta mtu, kwanza jueni mnahitaji nani. Kuoga, kuvaa, kulishwa, kutembezwa na kubadilishwa nepi, hizo kazi anaweza kuzifanya mhudumu aliyefunzwa vizuri, na si lazima awe nesi. Sindano, mpira wa mkojo, mpira wa kulishia puani na vidonda vinavyofungwa, hapo anatakiwa nesi mwenye leseni hai. Matapeli wanapata faida kwa sababu familia nyingi hazijui mpaka huo uko wapi. Muulizeni nesi wa wadi siku mgonjwa anaporuhusiwa awaandikie nani anafanya nini.

Wakala akidai anatuma nesi, chukueni jina kamili na namba ya leseni, muangalie rejista ya Baraza, mhakikishe jina ni lile lile na leseni haijaisha. Lakini msiishie hapo, maana sisi tulitumiwa namba ya kweli. Mtu akifika mlangoni, aonyeshe kitambulisho halisi, si picha kwenye simu, na jina la kitambulisho lilingane na la leseni. Lisipolingana, asiingie, hata kama mnamwonea huruma kwa safari aliyofanya. Kwa mhudumu asiye nesi, takeni cheti cha tabia njema kutoka DCI, idara ya polisi ya upelelezi. Huombwa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, kwa shilingi 1,050, na alama za vidole huchukuliwa Huduma Centre, kwa hiyo anayekwambia ni kazi ya miezi na maelfu anakuzungusha. Mpigieni pia simu familia aliyoitumikia kabla, na muongee na mtu wa nyumba hiyo, si "meneja".

Kisha mkae naye dakika chache mumuulize. Mimi siku hizi nauliza hivi: Mzee amedungwa insulini, baadaye anatokwa na jasho, anatetemeka, anaongea visivyoeleweka, utafanya nini? Anayejua kazi atasema anapima sukari, na kama mzee yuko macho na anaweza kumeza anampa kitu chenye sukari haraka, kisha anaita msaada. Asiyejua atasema amwache alale apumzike. Jibu hilo la pili linaweza kumuua mzee wako.

Kuhusu pesa, M-Pesa hukuonyesha jina la mpokeaji kabla hujathibitisha. Ukiona jina la mtu badala ya la biashara, simama hapo. Msajili wa Biashara anaweza kukuonyesha kupitia eCitizen kama kampuni ipo na wenyewe ni akina nani, na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira ina orodha ya wakala wa ajira waliosajiliwa. Msilipe mwezi mzima mbele. Wiki ya kwanza ilipwe ikiisha, na mkataba uandikwe jina la mtu atakayekuja, pamoja na sharti kwamba habadilishwi bila familia kumkagua mwingine. Wakala mwaminifu hatakasirika kwa hayo. Sisi tumepata nesi mzuri kwa mashauri ya idara ya mazoezi ya viungo pale hospitalini na mhudumu wa afya ya jamii wa mtaani, anayezijua nyumba zote za mtaa.

Kama umekwisha kulipa, fanya haraka. Tuma ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 ukiomba pesa zirudishwe, na namba yao iripoti kwa 333. Pesa zikishatolewa ni vigumu kuzipata, ndiyo maana dakika zina maana. Hifadhi mazungumzo yote ya WhatsApp, picha walizotuma na rekodi ya malipo, nenda kituo cha polisi uchukue namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha kituo. Kujipatia pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, kifungo hadi miaka 3. Ukiwa na jina halisi na anwani ya mtu, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja na si lazima uwe na wakili. Tatizo letu lilikuwa hilo la anwani. Mahali walipotuelekeza katikati ya mji kuna duka la M-Pesa tu, na mwenye duka hajawahi kuwasikia.

Malalamiko yetu yako polisi, na Baraza la Wauguzi tumelijulisha kuhusu ile leseni inayotumiwa na watu wasio wenyewe. Kama ulitumiwa picha ya mama wa makamo mwenye sare ya buluu na miwani, ukaambiwa ulipe "mhasibu", nawe peleka taarifa yako kituoni ukitaja kwamba kuna wengine Kisumu waliokwisha kuripoti mbinu hiyo hiyo.