Uzoefu Wangu: Kufufua Injini ya Massey Ferguson 35 kwa Mashindano ya Kuvuta, Nakuru

Trekta ninalolizungumzia ni Massey Ferguson 35 lenye injini ya dizeli ya Perkins ya silinda 3, ambalo lilimaliza nguvu zake katika mashamba ya ngano ya Njoro na ambalo sasa nalitumia kwa mashindano ya matrekta ya kuvuta mzigo mzito tunayoyafanya na wenzangu baada ya mavuno. Injini yake niliipeleka katika karakana moja ya kuchonga injini mjini Nakuru. Sitaitaja karakana hiyo kwa jina, kwa sababu nina lawama juu yake, na pia kwa sababu mambo niliyoyaangalia yanaweza kutumiwa kupimia karakana yoyote atakayoiendea msomaji.

Massey Ferguson 35 za kwanza za dizeli, zilizounganishwa Coventry nchini Uingereza kuanzia mwaka 1956 zikiitwa kwanza Ferguson 35, zilikuwa na injini ya Standard ya silinda 4 iliyosifika kwa ukaidi wa kuwaka asubuhi ya baridi. Mwaka 1959 kampuni ya Massey Ferguson iliinunua Perkins, watengenezaji wa injini, na injini ya silinda 3 ikachukua nafasi. Hii ndiyo inayofaa kuvuta. Kipenyo cha silinda ni milimita 91.4 na mwendo wa pistoni ni milimita 127, kwa hiyo pistoni inasafiri mbali kuliko upana wake, na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, inapatikana injini ikiwa bado inazunguka polepole. Jamaa ya injini hiyo ndiyo iliyoendelea kutumika katika Massey Ferguson 135, na ndiyo sababu spea zake bado zinapatikana katika maduka ya Nakuru bila kuagizwa kutoka mbali. Hata hivyo, anayenunua silevu (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka) na pistoni aende na zile kuukuu mkononi, kwa maana si kila seti inayouzwa kwa jina la injini hii inalingana na bloku yake.

Kuvuta kunaitesa injini kwa namna ambayo kulima hakuitesi. Katika mashindano ya Marekani, ambako mchezo huu una sheria na madaraja yake, pamoja na madaraja ya matrekta ya kale, kitelezi, yaani chombo cha mzigo kinachokokotwa na trekta, huwa na sanduku la uzito linalosogezwa mbele kadiri trekta linavyoendelea, hivi kwamba mzigo unaongezeka kila hatua mpaka trekta lisimame au likamilishe futi 300, yaani takriban mita 91. Chetu ni cha magogo ya mkaratusi, na mawe huongezwa na vijana wanaotembea kando yake, lakini adhabu kwa injini ni ileile. Mizunguko inashuka, pampu inamwaga dizeli yote iliyoruhusiwa, na shinikizo lote la mlipuko linazielemea beringi za krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) wakati presha ya oili nayo inashuka pamoja na mizunguko. Injini iliyofungwa kwa kukisia inaweza kulima mwaka mzima bila kulalamika, kisha ikafa katika mvuto mmoja.

Kwa hiyo sifa yangu ya kwanza kwa karakana hii ni kwamba ilikataa kunitajia bei kabla ya kuosha na kupima. Mzee anayesimamia mashine aliniambia kwa adabu, lakini bila kulegeza, kwamba fundi anayetaja saizi ya beringi kabla ya kushika mikrometa anauza maneno. Kila silinda ilipimwa juu, katikati na chini, kwa pande mbili, na kila shingo ya krenki, yaani sehemu ya mviringo inayozunguka ndani ya beringi, ikapimwa vivyo hivyo. Vipimo vikaandikwa kwenye karatasi niliyopewa nakala yake. Ilionekana kwamba shingo moja ya konrodi (mkono unaounganisha pistoni na krenki) ilikuwa imelika upande mmoja na kuwa na umbo la yai. Kuichonga hiyo peke yake hakufai, kwa kuwa beringi huuzwa kwa seti, basi shingo zote za konrodi zikashushwa kwa sehemu 20 za elfu moja ya inchi. Beringi mpya nilizinunua baada ya kuchonga, nikazirudisha zipimwe tena zikiwa zimefungwa mahali pake, na hapo ndipo nilipoamini kwamba fedha yangu ilikuwa inakwenda kwa watu wanaojua wanachokifanya.

Silevu za injini hii ni kavu, yaani maji hayaigusi silevu yenyewe bali hupita ndani ya bloku, na hivyo silevu lazima ikae imebana sawasawa kwenye tundu lake ili joto lipite. Waliisafisha bloku kwa makini kabla ya kuzishindilia, wakapima tena baada ya kuzishindilia. Silinda hedi, yaani kifuniko cha juu cha silinda chenye vali, ilitiwa maji kwa presha, ikakaguliwa nyufa kati ya viti vya vali, ambako hedi nyingi za dizeli hupasukia. Yangu ilikuwa nzima, viti vikakatwa upya. Mwenzangu mmoja alinishawishi niombe hedi ipunguzwe zaidi ili mgandamizo wa hewa uongezeke na nguvu nayo iongezeke. Mzee alikataa, na nakubaliana naye kabisa: dizeli tayari inagandamiza hewa vya kutosha kuiwasha, na milimita inayokatwa ovyo inaisogeza vali karibu na kichwa cha pistoni. Wavutaji wengi wa hapa kwetu wanatafuta nguvu mahali ambapo haipo.

Lawama yangu sasa. Kazi ilichelewa sana kupita tarehe tuliyokubaliana, na kila nilipopiga simu nilijibiwa kwamba mashine ya krenki ina foleni. Hilo ningelisamehe. Jambo lililoniudhi ni sili ya nyuma ya krenki, ambayo kwa injini hii ni kamba inayokaa katika vipande viwili vya chuma, na inahitaji kulowekwa na kushindiliwa kwa subira kabla ya kukatwa ncha. Kijana aliyepewa kazi hiyo aliharakisha, na oili ikaanza kufika kwenye klachi. Trekta hili halina fremu. Injini na gia ndizo uti wa mgongo wake, kwa hiyo kuifikia sili hiyo ni kulikata trekta katikati na kuliegemeza kila nusu peke yake. Karakana iliirudia kazi bila malipo, ila taabu ya kulitenganisha ilikuwa yangu.

Pampu ya dizeli hawaigusi, na ni vizuri kwamba wanasema hivyo waziwazi. Niliipeleka pamoja na nozeli zinazonyunyizia dizeli ndani ya silinda kwa fundi wa pampu mwenye benchi la kupimia, nikamwomba kitu kimoja: asiongeze mafuta kupita kiasi. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na Njoro iko juu zaidi, ambako hewa ni nyepesi kwa zaidi ya sehemu moja kwa sita ikilinganishwa na Mombasa. Injini isiyo na tabo, yaani kifaa cha kuisukumia hewa zaidi, haiwezi kuichoma dizeli ambayo haina hewa ya kuichoma. Moshi mweusi unaoshangiliwa na watazamaji ni mafuta yaliyopotea na pistoni zinazopikwa.

Malipo ya kazi yote ya mashine, bila spea na bila pampu, hayakufika shilingi 50,000, nami naona ni bei ya haki. Kwa ushauri wao sikuiacha injini mpya ingurume bila mzigo kwa muda mrefu, kwa sababu kuta za silinda hung'aa kabla ringi za pistoni hazijakaa na baadaye injini hula oili. Niliipa jembe jepesi kwanza, nikamwaga oili ya mwanzo mapema. Kwenye kitelezi sasa injini inashuka taratibu na kushikilia pale ambapo zamani ilikuwa ikizima, na presha ya oili haianguki hata ikiwa moto. Baada ya kazi ya siku za kwanza nililirudisha trekta ili nati za hedi zikazwe upya na nafasi za vali zirekebishwe, jambo lililokuwa ndani ya malipo na ambalo mteja hana budi kulidai, kwa kuwa hakuna atakayempigia simu kumkumbusha.