Miezi 42 na kompyuta za kukodi: uzoefu wangu

Mkataba wetu ulikuwa wa miezi 36. Tulilipa miezi 42. Naanzia hapo kwa sababu nilipokuwa natafuta maoni ya watu waliokwisha kukodi vifaa vya ofisi, hakuna aliyenigusia jambo hili, na ndilo lililotuuma kuliko yote.

Nasimamia TEHAMA katika kampuni yenye wafanyakazi wasiofika sitini. Januari 2022 tulikuwa na mashine za kila aina, nyingine za 2016, na fedha za kununua mpya kwa mkupuo hazikuwapo. Mhasibu wetu akapendekeza tukodi: kompyuta mpakato 46, swichi nne za mtandao, seva moja na printa mbili kubwa. Kampuni ya ukodishaji, ambayo sitaitaja, inanunua vifaa. Sisi tunavitumia na kulipa kila mwezi. Mwisho wa mkataba tunachagua: kurudisha, kununua kwa bei ya soko ya siku hiyo, au kuongeza muda.

Hesabu yake ilikuwa hivi. Kwa kila 100 ya bei ya mashine tulilipa 2.9 kwa mwezi. Zidisha kwa 36, unapata 104.4. Kwa haraka utadhani umeongeza 4.4 tu kwa miaka mitatu, na mimi nilidhani hivyo hadi mhasibu aliponikalisha chini. Mashine si yako. Ukiirudisha, thamani iliyobaki ndani yake inaondoka nayo, na hiyo umeilipa pia. Wenye vifaa walikadiria kwamba baada ya miaka mitatu mashine ya 100 itakuwa na thamani ya 12. Basi gharama ya kutumia fedha zao ilikuwa 16.4, sawa na riba ya kama asilimia 9 kwa mwaka. Kwetu ilikubalika, kwa kuwa hatukutakiwa kutoa malipo ya awali wala kuweka dhamana nyingine. Ila mtu akikupa kodi ya mwezi bila kukutajia hiyo thamani ya mabaki, mwombe akuandikie. Bila namba hiyo huwezi kulinganisha mkataba huu na mkopo wa benki.

Kuna suala la vitabu pia. Tangu Januari 2019, kwa kampuni zinazofuata kanuni ya kimataifa ya uhasibu IFRS 16, mali ya kukodi huingia kwenye mizania (hesabu ya mali na madeni ya kampuni) pamoja na deni lake. Wanaosamehewa ni mikataba isiyozidi miezi 12 na vifaa vya thamani ndogo, ambapo walioandika kanuni hiyo walikuwa wanafikiria kitu cha kama dola 5,000 za Marekani kikiwa kipya. Mpakato zetu, zikihesabiwa moja moja, zilisamehewa. Seva haikusamehewa. Anayekuuzia wazo la kukodi kwa kusema deni halitaonekana anazungumzia enzi iliyokwisha.

Sasa mazuri, na yapo. Mashine zote 46 zilikuwa za aina moja. Kwa mtu wa TEHAMA hiyo ni raha ambayo hujui thamani yake hadi uipate: chaja ya mmoja inamfaa mwenzake, programu unaipanga mara moja na kuisambaza kwa wote, fundi akifungua mashine anajua parafujo iko wapi. Microsoft ilipositisha huduma ya Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kundi lile la kukodi halikunipa shida hata kidogo. Zile 11 za 2016 tulizonunua wenyewe zilikuwa bado ziko kabatini, hazikidhi masharti ya Windows 11 na hakuna aliyezitaka. Mashine ya kukodi ina tarehe ya kuondoka. Ya kununua inabaki mpaka mtu apate ujasiri wa kuitoa.

Printa ndizo zilizonifurahisha zaidi. Kodi ilihusisha wino, matengenezo na idadi fulani ya kurasa kwa mwezi. Ukizidisha, unalipia kila ukurasa. Mtindo huu ni wa zamani sana. Xerox walipoleta mashine yao ya kunakili ya 914 mwaka 1959, wateja waliikodi kwa mwezi na nakala 2,000 za kwanza zilikuwa ndani ya kodi. Naelewa kwa nini umedumu: printa ikikwama, anayepata hasara ya kwanza ni mwenye printa, kwa hiyo fundi wake anakuja upesi.

Kwa mpakato haiko hivyo. Mwezi wa 14 mashine tatu zilikufa ubao mama, ule unaounganisha sehemu zote za mashine, ndani ya wiki moja. Nikapiga simu kwa kampuni ya ukodishaji, nikasomewa kifungu: kodi inalipwa iwe mashine inafanya kazi au haifanyi, ubovu ni baina yako na mtengenezaji. Na dhamana ya mtengenezaji tuliyoichukua ilikuwa ya miezi 12. Tulitengeneza kwa fedha zetu mashine zisizo zetu, huku tukiendelea kuzilipia. Hakuna aliyevunja mkataba hapo. Sisi ndio tuliosaini dhamana ya mwaka mmoja kwa kodi ya miaka mitatu.

Kisha ukaja mwisho. Mkataba ulitaka taarifa ya maandishi ya kusitisha siku 90 kabla ya kuisha. Barua yetu ilitoka zikiwa zimebaki siku 71. Jibu lilikuwa fupi na la heshima: muda umejiongeza wenyewe kwa miezi sita, vifaa vyote, kodi ileile. Piga hesabu: 2.9 mara 6 ni 17.4. Mashine ambazo wenyewe walikadiria zina thamani ya 12 tulizilipia 17.4 zaidi, na bado tukazirudisha. Niliumia, na naumia hadi leo nikiandika, kwa sababu fedha hizo zilikuwa zimetengwa kwa ajili ya mafunzo ya vijana wa idara yangu.

Kurudisha nako ni kazi ya watu, si ya siku moja. Nilikaa sakafuni kwenye chumba cha mikutano, mashine zimepangwa kumikumi, nikimulika kwa simu namba iliyo chini ya kila moja. Stika nyingi zilikuwa zimefutika kwa miaka ya kusuguana na meza na mapaja, ikabidi tuziwashe tusome namba ndani ya mfumo. Mbili ziligoma: aliyezitumia alikuwa ameweka nenosiri la kuwashia mashine, na alikwisha kuacha kazi. Tulimtafuta, tukampata, akalikumbuka moja. Chaja tisa hazikuonekana na tulitozwa zote. Mikwaruzo ilisamehewa, skrini mbili zenye ufa hazikusamehewa.

Data tulifuta wenyewe kabla ya mashine kutoka mlangoni, na ningemsihi kila mtu afanye hivyo. Kwenye diski za SSD, zinazohifadhi data kwenye chipu, kuandika juu ya data ya zamani hakufiki kila sehemu ya diski. Inatumika amri ya kufuta iliyo ndani ya diski yenyewe, au kuharibu ufunguo wa usimbaji, yaani wa kuficha data kwa msimbo, kama diski ilisimbwa tangu mwanzo. Tulifuata mwongozo wa kufuta data wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, uitwao SP 800-88, tukaandika cheti kwa kila namba ya mashine. Kampuni ya ukodishaji nayo ilitoa cheti chake, kimoja kwa mzigo mzima, bila namba hata moja. Hicho hakimsaidii mteja ambaye taarifa zake zilikuwa humo.

Je, tumekodi tena? Mpakato na printa, ndiyo, kwa kampuni nyingine. Swichi tumenunua, kifaa kinachofanya kazi miaka minane au zaidi bila kubadilishwa hakina sababu ya kulipiwa kodi. Seva tuliinunua kwa kampuni ile ya kwanza kwa bei ya soko baada ya kubishana wiki mbili kuhusu bei hiyo ni ipi. Katika mkataba mpya muda ukipita unaongezeka mwezi mmoja mmoja tu, bei ya juu kabisa ya kununua imeandikwa, dhamana ni ya miezi 36, na bei ya kila chaja itakayopotea imetajwa. Walikataa mara ya kwanza. Tulipoonyesha tuko tayari kuondoka, walikubali yote isipokuwa bei ya chaja, waliyoipunguza nusu.

Barua ya kusitisha nimekwisha kuiandika. Iko kwenye faili la mhasibu, nyuma ya ukurasa wa kwanza wa mkataba, inasubiri tarehe na sahihi.