Google Earth Pro kwa kusaka viwanja vya ndege vya zamani: nyota nne, ya tano wapeni wazee

Hii programu ya kuangalia dunia kwa picha za setilaiti ninayo kwenye laptopu kama miezi miwili sasa, na siitumii kuangalia bati la nyumba yetu kama wengi mnavyofanya (na mi nilianza hivyo hivyo, tusidanganyane). Nilikuwa nataka kujua ndege za zamani zilikuwa zinatua wapi huku kwetu, nikaanza na Mbeya maana ndo nyumbani.

Ukitaja uwanja wa ndege Mbeya vijana wote wanawaza Songwe, wakati Songwe umefunguliwa Desemba 2012 tu, kabla ya hapo ndege zilikuwa zinashuka pale pale mjini, airport ya zamani. Na Mbeya kupokea ndege sio jambo la juzi. Mwaka 1932 Imperial Airways ya Uingereza ilifungua safari ya London hadi Cape Town, ndege ikitoka Nairobi inagusa Moshi, Dodoma, Mbeya, halafu inavuka kwenda Mpika na Broken Hill ambayo leo ni Kabwe, huko Zambia ya sasa, yaani barua ya Ulaya inashushwa Mbeya wakati mji wenyewe bado mchanga kabisa na watu wanakimbilia dhahabu ya Lupa kule Chunya. Mpaka ndege yao waliagiza iundwe kwa ajili ya njia hii, Atalanta, injini 4, sababu huku juu hewa nyepesi na ndege ya kawaida inahangaika kupaa. Halafu 1937 wakaingiza ndege za kutua majini, njia ikahamia pwani, Mombasa, Dar, Lindi, sisi wa bara tukaachwa kwenye mataa.

Haya, programu yenyewe. Ni bure tangu 2015, zamani ilikuwa dola 399 kwa mwaka, kwahiyo hapo hamna wa kulalamika. Kitu kilichonifurahisha ni kile kitufe cha saa juu, unakibonyeza unapata mstari wa miaka, unavuta nyuma unaona sehemu ile ile ilivyokuwa mwaka baada ya mwaka. Kwa airport ya zamani ya Mbeya unaona kabisa nyumba zilivyoubana ule mstari wa kutulia ndege. Kuna na rula, unapima urefu wa njia ya kurukia bila kutoka kitandani, na ukiwa na ramani ya zamani uliyoiskani unaweza kuilaza juu ya picha ukaivuta mpaka mito na barabara zikaendana, hii ndo silaha yenyewe asikwambie mtu. Ushauri wangu tumia picha za kiangazi, ardhi iliyoshindiliwa nyasi zake zinakauka mapema kuliko za jirani, mstari unajichora wenyewe.

Sasa nyota niliyoibana. Picha za setilaiti zenye kuonekana vizuri zinaanzia kama 2000 hivi, kwahiyo 1932 huioni, unaona makovu tu. Na kuna sehemu hata kovu hamna. Chukua Mafia, 1915 Waingereza walisafisha uwanja kule kwa ajili ya ndege za kuisaka meli ya Wajerumani Königsberg iliyojificha Rufiji, wakaimaliza tarehe 11 Julai, ndege ikiwa juu inaelekeza mizinga ya meli zao, na yenyewe ikatunguliwa ikaangukia mtoni, waliokuwemo wakapona. Historia nzito hiyo, ila ukifungua picha ya Mafia utaangalia minazi mpaka macho yaume.

Ndo maana nasema wazee. Nilienda na skrinshoti kwa mzee mmoja anayekaa karibu na airport ya zamani, shikamoo, marahaba, nikamwonyesha mstari wangu kwa mbwembwe zote. Akavaa miwani, akacheka. "Mwanangu, hii ni barabara ya maji hii, bomba lilipita hapa." Akanishika mkono tukaenda kwa miguu, akanionyesha wao walipokuwa wanakaa utotoni kusubiri ndege, na mlinzi aliyekuwa anawafukuza pamoja na mbuzi wao. Dakika 40 na yule mzee zimenipa vitu ambavyo wiki mbili za kuzumu hazikunipa, nikavirekodi kwa simu na kuviandika kwenye pini zangu, zile alama ninazochomeka kwenye ramani.

Na pini zihifadhi nje jamani, faili la KML, ndo linalobeba pini, linaingia hata kwenye simu. Mi fundi aliniformatia laptopu bila kuuliza, zikaenda pini zote za mwanzo, nikaanza upya. Bando pia inaliwa kweli kweli, fanya usiku.

Safari hii ya pili faili nimelirusha kwenye grupu la familia nikaandika "viwanja vya zamani Mbeya, vyote nimeweka alama". Haijapita dakika binamu yangu kauliza kama vina hati na bei ya mwisho shilingi ngapi.